Salamu ya Pasaka kwa Leah

Makaburi ya kanisa la mawe waliloacha Wajerumani kule Hasamba yamezungushiwa ukuta. Ndani wamelala wamisionari, watoto wao waliokufa kwa homa, na waumini waliokufa wakiwa bado katika ushirika wa kanisa. Nje, upande wa mashamba ya kahawa, wamelala waliotengwa. Leah, mama yake Enesi, yuko nje. Aliolewa mke wa pili, akaambiwa amwache mume ili arudishwe kundini, akakataa.

Kila Pasaka, kabla jua halijachomoza, washarika huzunguka makaburini wakiimba, wakiwapa wafu habari kwamba Bwana amefufuka. Hawajawahi kuvuka ukuta.

Enesi amezeeka akifyeka majani ya makaburi ya ndani.

"Mama Aliko," jirani yake Restuta alimchokoza Kwaresima hii, wakifyeka pamoja, "unawaogesha Wazungu wasiokujua, aliyekunyonyesha umemwachia mbuzi?"

"Nyamaza. Mbuzi wenyewe ni wako."

Wanawake wakacheka. Enesi naye akacheka, lakini lile neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akamwendea Hezron, mzee wa kanisa.

"Mzee, mwaka huu tokeni mkamsalimu mama. Ubeti mmoja tu. Nikifa mimi, nani atamkumbuka?"

Hezron akajikuna kidevu. "Ukuta umebomoka, na wageni wanakuja kutazama kanisa. Wapikie vijana wanaoujenga. Nami nitalitoa kundi nje."

Akapika. Ugali na maharage, siku nyingine kande. Alitua sufuria mlangoni pa kanisa na kukimbilia kahawa yake, bila kuzunguka nyuma kwenye makaburi. Alipoona kwa mbali ukuta unapanda upesi, aliwasifu: "Mna mikono, wanangu!"

Alfajiri ya Pasaka Hezron alitimiza ahadi. Alisimamisha wimbo langoni, akatangaza, "Leo tunamsalimu Leah," na kundi likatoka. Enesi alitangulia, kisha akasimama ghafla.

Makaburi ya nje hayakuwa na misalaba. Kila moja lilikuwa rundo la mawe tu, yaliyopangwa na ndugu siku ya mazishi. Sasa palikuwa peupe, pamesawazishwa kama uwanja wa kuanikia kahawa. Marundo yote yalikuwa yameingia ukutani.

"Tulidhani ni mawe mliyotoa shambani mkilima," kijana mmoja wa ujenzi akanong'ona.

"Yuko wapi, mama?" Hezron aliuliza kwa upole. Wageni walikuwa wameinua simu zao, wanasubiri.

Enesi alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akanyoosha kidole mbele yake.

"Hapo."

"Leah, Bwana amefufuka!" Hezron akapaza sauti.

"Amefufuka kweli!" kundi likaitika, likaimba ubeti mmoja.

Restuta alimkumbatia huku analia. "Umemfuta mama yako aibu, dada."

"Amina," Enesi akasema.

Watu wakageuka kwenda kunywa chai. Yeye alibaki palepale, akiogopa kuinua mguu, maana hakujua atamkanyaga nani.