Kibandiko cha Saa Nane

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya udadisi, yaani kuhoji watu nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti, nilifika ukumbini Kawe kabla viti havijapangwa. Nilikuwa nimeacha kufundisha Kiswahili sekondari, magoti hayataki tena kusimama darasani kutwa, na mradi mmoja wa afya ulikuwa unatafuta watu wazima wenye subira ya kuwasikiliza wenzao. Tukapewa fulana, begi, kitabu cha maelekezo na kishikwambi cha kuingizia majibu. Mkuu wa Utafiti, mama mrefu aliyeongea taratibu kama anayesomesha imla, alitueleza kazi kwa maneno machache.

"Hatuendi kupima nani kasoma na nani hajasoma," alisema. "Tunapima kama mtu mzima wa nchi hii, akipewa karatasi ya hospitali, anajua afanye nini nayo."

Kwa nyie mnaoingia kazini leo, nieleze tulivyofanya. Kompyuta makao makuu ilichagua kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja, na ndani ya kila kaya tukampata mtu mzima mmoja kwa bahati nasibu. Huyo tulimpa mazoezi. Atazame kadi ya kliniki aseme tarehe ya kurudi. Asome tangazo la kipindupindu aseme maji yachemshwe vipi. Asome maelekezo ya dawa aseme ataimeza saa ngapi. Akipata tunaweka namba moja, akikosa, mbili, akisema hajui, tatu.

Msimamizi wa Uwanda, ambaye ndiye aliyetupeleka mitaani, alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiota.

"Usitikise kichwa, usigune. Akikosea, weka mbili, sema asante, nenda swali linalofuata. Ukimfundisha mmoja, kesho mtaa mzima wana jibu, na kipimo chetu kimekufa."

Siku ya tatu ya mafunzo walitugawia kibandiko cha dawa. Mradi ulikuwa unavichapisha vibandiko hivyo kwa kazi mbili: kimoja kwenye kadi yetu ya zoezi, vingine kwa maduka kadhaa ya dawa ya Temeke, vibandikwe kwenye dawa halisi. Kiliandikwa: Meza kidonge kimoja kila baada ya masaa manane. Nikanyoosha mkono.

"Masaa si Kiswahili sanifu," nilisema. "Saa moja, saa mbili, saa nane. Neno halibadiliki kwa wingi."

Mfamasia wa mradi, kijana mpole, alijaribu kunipinga. "Lakini mwalimu, si ndivyo watu wanavyosema?"

"Watu wanasema mengi," nikamjibu. Ukumbi ukacheka. Mkuu wa Utafiti akakata neno lile kwa kalamu nyekundu, akanitazama kwa heshima. Vikachapishwa: kila baada ya saa nane.

Nilianzia Madale, juu kwenye vilima, nikibishana na mageti na mbwa. Wenye magari yao walijibu vizuri. Mbezi Luis, mama lishe mmoja alisoma kibandiko bila kukwama hata silabi, nikamuuliza kidonge cha pili atakimeza saa ngapi kama cha kwanza alimeza saa moja asubuhi. Alitakiwa kusema saa tisa alasiri. Akasema, "Saa nane ikipita, si imeandikwa hapo?" Nikaweka mbili. Baada yake wakaja wengine wa namna hiyo, na kila mmoja nilimwekea mbili. Nilisikitika, lakini nisiwafiche, nilisikitika kama mwalimu anayesahihisha mitihani ya watu wavivu. Ndani yake kulikuwa na raha kidogo.

Kisha tukahamishiwa Temeke. Kule Mbagala kura ilimwangukia Bi Mwanahawa, mke wa fundi cherehani aitwaye Mzee Shabani. Fundi mwenyewe alikuwa kibarazani kwenye cherehani yake ya miguu, mguu mmoja juu ya kigoda, umefungwa kitambaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila mie leo situmiki. Sukari hii na kijimsumari tu, tazama mguu ulivyofura."

Bi Mwanahawa alijibu kila kitu kwa furaha, kama aliyekuwa akingoja siku nyingi kuulizwa maswali ya shule. Tarehe ya kliniki alipata. Maji ya kuchemsha alipata. Nilipompa kibandiko, akasoma kwa sauti, akasema cha pili kitamezwa saa nane ya mchana ikipita.

"Na cha tatu?"

"Kesho, saa nane ikipita tena. Kila siku hivyo." Halafu akainuka. "Ngoja sista, hiki mbona ninacho!"

Akarudi na boksi la vidonge vya mumewe vya kidonda. Juu yake kilikuwa kibandiko chetu, kwa herufi zile zile nilizozipitisha. Mtu aliyetakiwa kumeza vidonge vitatu kwa siku alikuwa anameza kimoja.

"Nampa hivyo hivyo, nikishaondoa vyombo vya mchana," alisema. "Ndivyo, au nakosea?"

Kibarazani fundi alikuwa anacheka na mteja. Kijia kizima kile kilikuwa bado hakijahojiwa, na nilikuwa mdadisi ambaye Msimamizi alimtolea mfano mbele ya wenzake.

"Muulize aliyekupa dawa," nikasema. Nikaweka mbili. Nikasema asante. Tukaenda swali linalofuata.

Kazi ile ina marudio: kaya chache huhojiwa tena baadaye kuona kama majibu yanalingana. Baada ya wiki mbili nikapangiwa kurudi kwa Bi Mwanahawa. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Mguu ulioza. Wakamkimbiza hospitali, wakaukata juu ya goti, na siku ya nne baada ya kukatwa akafariki.

"Daktari kaniuliza dawa nilimpaje. Nikamwambia. Akatikisa kichwa tu," alisema. "Alisema labda sukari ingemmaliza tu. Labda. Mie najua nimemuua mume wangu kwa ujinga wangu."

Sikumhoji. Sikumwambia lolote pia. Nilimpa pole, nikaondoka, nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa mpaka jua likanifuata pale.

Kesho yake nikaenda kwa Mkuu wa Utafiti. Nilimweleza yote, pamoja na boksi na mkono wangu niliounyoosha ukumbini. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Vibandiko vya madukani nitaviondoa leo hii," alisema. "Lakini kadi ya zoezi siwezi kuigusa. Nikibadili neno sasa, majibu ya mwanzo na ya Temeke hayalinganishiki tena. Kazi yote inatupwa."

"Hawa watu hawajakosea, mama. Neno lina maana mbili."

"Naelewa, mwalimu. Nenda kamalizie kaya zako."

Nikaenda nikamalizia. Laiti ningeweza kuwaambia kwamba niligoma. Nilisoma kadi ile ile, nikaweka mbili zile zile. Ripoti iliposomwa mbele ya wageni, ilisema watu wazima wengi hawaelewi maelekezo ya dawa. Nilikuwa mstari wa pili. Nilipiga makofi na wenzangu.

Nilifanya tafiti nyingine nne kabla ya kuacha kabisa, na katika hizo zote nilimaliza dodoso, nikafunga kishikwambi, kisha nikamweleza mtu alipokosea. Msimamizi mmoja alinikamata, akaniandikia barua ya onyo. Ninayo. Sijivunii barua hiyo, maana nilikuwa nimeshachelewa.

Mwaka wa kwanza wa kukaa nyumbani nilifunga safari kwenda Mbagala. Bi Mwanahawa alikuwa amezeeka kuliko mimi. Hakunikumbuka.

"Nyie wa makaratasi mnakuja wengi," alisema, akanipa kiti.

Nikamweleza. Kwamba aliyetaka neno la kwenye kibandiko libadilishwe ni mimi. Kwamba alipouliza kama anakosea, nilijua, nikanyamaza. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya kanga.

"Yaani pale palikuwa na saa nane?"

"Palikuwa na saa nane."

"Na mie nikasoma saa nane."

"Ndiyo."

"Kumbe nilisoma sawa," alisema. "Miaka yote hii wanangu wananisomea hata ujumbe wa simu. Nilishaacha kushika karatasi, sista. Najiogopa."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Alisema anataka kuswali, nikasimama, akanisindikiza mpaka getini. Pale akanishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo kama nilipokuwa naandika siku ile, niliandika kwamba amekosea.

Nikamwambia niliandika hivyo.

"Basi kafute," akasema.

Nilimweleza kwamba haifutiki. Akaitikia kwa kichwa, akafunga geti.