Nilivyotafuta waandishi wanawake watatu kwenye maktaba ya Mpanda, miaka ya tisini

Wakuu, kwema humu? Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fom three Mpanda. Kwetu Usevya, ila nilikuwa nakaa Kasokola kwa baba mdogo.

Mwalimu wa History akatupa assignment: kila mtu aandike kuhusu mwandishi wa zamani. Orodha yake ilikuwa wanaume watupu. Nikanyoosha mkono nikauliza wanawake wako wapi.

Akasema, "Hawakuwepo. Ukibisha, niletee watatu, ushahidi wa kitabu. Ukikosa, sifuri."

Darasa likacheka. Mimi nikakubali. Kichwa ngumu nimerithi kwa mama.

Mjini kulikuwa na maktaba ndogo ya misheni. Ensaiklopidia zilikuwa za Kiingereza, zimekatika migongo, na haziazimwi. Unasomea palepale. Nikawa natembea kutoka Kasokola kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza nilitoka kapa. (Kiingereza changu chenyewe cha kuunga unga, kamusi pembeni.)

Ya pili, mama mtunza maktaba akanionea huruma. "Mwanangu, hao huwapati kwa majina yao. Soma habari za wanaume mpaka mstari wa mwisho."

Wakuu, ilikuwa kweli!

Mmoja nilimkuta chini kabisa ya habari za mumewe: "mkewe pia alichapisha riwaya." Wa pili alikuwa na jina la kiume, kumbe ni mwanamke kajificha apate kuchapishwa.

Wa tatu nilimpata Jumamosi ya tatu, asubuhi. Mshairi mmoja wa kale, mwishoni wameandika: "dada yake naye alitunga mashairi." Basi. Jina hakuna.

Nilipekua kila volyumu iliyokuwepo kutafuta jina lake, mpaka wanafunga. Nilitoka nalia, siyo kwa sababu ya sifuri.

Jumatatu nikasoma mbele ya darasa. Mwalimu akauliza, "Huyo wa tatu anaitwa nani?"

"Kitabu hakikuandika, mwalimu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu akachukua daftari langu, akalisoma mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema, "Watatu wametimia."

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mwalimu maktaba, kavaa miwani, anasoma habari za wanaume mpaka mwisho.

Likizo nikarudi Usevya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatunga nyimbo za Kipimbwe za kuvunia mpunga, kijiji kizima kinaziimba. Nikamwambia nataka kuziandika.

Akashangaa. "Za nini? Si kila mtu anazijua?"

"Wanajua nyimbo, bibi. Hawajui ni zako."

Akaniambia, "Basi anza na jina langu. Liandike lote, na la baba yangu."

Nilichojifunza: kutokuonekana kitabuni siyo kutokuwepo.

Nyie wenzangu, kwenu nani alitunga na hakuandikwa popote? Mtajeni hapa, jina kamili tafadhali.