Siku Geti Lilipoachwa Wazi

Nyumba yangu ya Bellevue, Johannesburg, niliiuza mwaka ambao kila mtu alinishauri nisiuze. Watu hao hao mwaka uliotangulia walikuwa wamenihimiza niuze upesi kabla mambo hayajaharibika zaidi. Ushauri wa nyumba ni kama ushauri wa ndoa: wanaoutoa hawalali humo.

Marehemu mume wangu aliinunua wakati Wazungu wa mtaa ule walipokuwa wakihama kwa haraka, wakiacha hata vyungu vya maua. Sisi tulikuwa tumetoka Tanga, hatuna hili wala lile, na ghafla tuna baraza la mbele, dari la bati lenye maua, na ua ambamo ungeweza kucheza harusi. Tulilea humo binti yetu mmoja. Binti alikua, akaolewa, akahamia Midrand, kaskazini mwa mji, kwenye nyumba zile zilizojengwa pamoja ndani ya ukuta mmoja. Mume wangu akafariki. Nikabaki na vyumba vingi kuliko watu, chumba kimoja nikampangisha mwanamke wa Kikongo ambaye ni msusi.

Mtaa nao ulikuwa umekwisha kubadilika. Nyumba za majirani zilikatwa vipande kwa mbao, sebule moja ikatoa vyumba vinne, na kila chumba kina familia yake na jiko lake. Benki zikaacha kumkopesha mtu anayetaka kununua upande wetu. Mnunuzi sharti aje na fedha taslimu, na mwenye fedha taslimu hana haraka. Anajua ngoja ngoja itakuumiza wewe, si yeye. Kila aliyekuja alitaja bei ndogo kuliko aliyemtangulia.

Ningeweza kukaa tu, kodi ya chumba kimoja inatosha mchele. Lakini asubuhi moja niliteleza bafuni, mpangaji wangu akiwa ameshakwenda saluni, nikalala sakafuni mpaka aliporudi jioni. Sikuvunjika kitu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha nikanyamaza nikawaza. Niliwaza kwamba kama ningekufa pale, ningekaa kama taulo lililoanguka, mpaka mtu atake kuoga. Hofu hiyo ndiyo iliyouza nyumba. Sikutaka kufa bila mtu kujua. Mengine yote niliyowaeleza watu, sijui paa, sijui wezi wa nyaya, yalikuwa ya kujazia mazungumzo.

Binti yangu alifurahi. Mpango wake ulikuwa niuze, yeye na mumewe waongezee, ninunuliwe kijumba ndani ya ukuta wao, milango miwili kutoka kwao. Akaniletea dalali, mwanamke kijana wa hapa hapa Johannesburg, mwenye viatu virefu na subira fupi. Aliniita Gogo, yaani bibi, jambo lililonipendeza, na akaanza kuniamrisha katika nyumba yangu, jambo ambalo halikunipendeza.

Alipanga siku ya maonyesho iwe Jumapili alasiri. Mabango yenye mishale yangeanzia kwenye robot, yaani taa za magari, za barabara kubwa mpaka mlangoni. Akatoa masharti yake. Makochi yatolewe yote sebuleni, kwa sababu chumba kitupu huonekana kikubwa. Mapazia ya rangi yashushwe, yatundikwe meupe. Simu izimwe, mnunuzi hapendi kelele. Na geti liwe wazi kuanzia saa nane mpaka atakapolifunga yeye.

"Geti wazi?" nikamuuliza. "Hapa Bellevue?"

"Eish, Gogo, mtu akikuta geti limefungwa anaondoka na hela yake. Nitasimama mimi mwenyewe."

Nikatii. Makochi tukayapanga uani chini ya ukuta, yakatazamana. Mpangaji wangu alikuwa amepika samaki wa kukaushwa, harufu imeshika mpaka kwenye mapazia mapya. Nilitafuta udi, umekwisha. Nikachukua ubani, nikauchoma kwenye chetezo, nikakipitisha vyumba vyote. Simu nikaizima, nikaitia kwenye droo. Halafu nikaingia jikoni kupika kahawa, maana dalali alisema harufu ya kahawa humfanya mtu atamani kuhamia.

Nikitazama nyuma nashangaa akili zangu zilikuwa wapi. Mswahili yeyote ningemwambia maneno haya tu: geti wazi, makochi nje, sebule tupu, mapazia meupe, ubani, kahawa, na mwenye nyumba hapatikani kwenye simu. Asingeuliza kama kuna msiba. Angeuliza maziko ni saa ngapi.

Wa kwanza kuona alikuwa mzee mmoja wa Unguja aliyekuwa akipita kwenda Yeoville. Hakusoma bango, yeye hasomi mabango. Alisimama, akanusa, akaona makochi. Alinipigia simu, akaambiwa namba haipatikani. Hapo hapo akaandika kwenye kundi letu la simu, lenye Watanzania wa Hillbrow, Bertrams na kwingineko: inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, bibi wa Bellevue ametutoka. Hakuuliza mtu. Habari ya kifo kwetu haihitaji shahidi wa pili.

Mimi niko jikoni, nasikia viatu vya dalali vinakwenda mbio huku na huku, nikajua biashara imechangamka. Mara mpangaji wangu akaingia ameshika kichwa.

"Mama, batu banaingia, banalia. Nani alikufa?"

"Wanalia? Bei hatujataja bado."

Nikabeba sinia la vikombe nikatoka. Sebule yangu tupu ilikuwa imejaa wanawake wameketi kwenye mikeka waliyokuja nayo, wamejitanda khanga, na katikati yao, akilia kwa sauti kuliko wote, mwanamke wa Dar es Salaam ambaye tulikuwa hatusemeshani tangu ugomvi wa masufuria ya harusi ya watu. Alikuwa akisema kwamba nimemwacha bila kuagana. Alinyanyua uso akaniona na sinia langu.

Ukelele alioupiga sitausahau. Wawili walikimbilia nje na mkeka wao. Mmoja alianza kunisomea Ayatul Kursi usoni, anatemea mate pembeni. Nikaweka sinia chini, nikasema, "Kahawa tayari, mnywe mnililie vizuri."

Nilikasirika kwanza, niseme kweli. Nilipolala bafuni siku nzima hakuna aliyenusa kitu. Nilipokuwa napita na fimbo baada ya hapo, watu walinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa wamekuja na mchele na sukari. Lakini hasira ilinichosha upesi, kwa sababu yule hasimu wangu alikuwa amenishika mkono na hauachii, anaupapasa kama anahakikisha una joto. "Mwanamke mbaya wewe," aliniambia, "umenitoa roho." Nikaketi chini kati yao. Nilifurahi. Sijui neno jingine la kuliweka pale.

Uani wanaume walikuwa wamejaa kwenye makochi, wameshaanza kujadili nani atashughulikia karatasi za maziko. Walipoelezwa, walicheka mpaka wakapigana mabega, lakini hawakuondoka. Walioleta chakula walikipika. Dalali alikuwa amesimama getini kama mtu aliyeibiwa gari. Mume na mke vijana walikuja, wakachungulia, wakageuza. Mama mmoja alifika mpaka barazani, akaona viatu vilivyovuliwa vimejaa mlangoni, akarudi zake.

Akaja mwanamume mmoja na utepe wa kupimia. Huyu hakushtuka hata kidogo. Alitembea katikati ya watu, akapima sebule, akapima korido, akahesabu vichwa kwa macho, uso wake ukazidi kung'aa. Alimvuta dalali kando. Kumbe alidhani wote wale ni wapangaji wangu. Alikuwa ameshazidisha vichwa kwa kodi akapata jumla inayompendeza. Alipoambiwa ukweli, alicheka kidogo tu, akasema kama wamekaa leo bila mbao, basi mbao zikiwekwa watakaa zaidi. Akatoa bei. Haikuwa bei ya ndoto zangu, lakini ilikuwa ya fedha taslimu, na ilizidi zote zilizotangulia. Nikamkubalia wiki ile ile, kwa sharti kwamba msusi wangu abaki na chumba chake. Najua alichoifanyia ile nyumba baadaye. Dari la maua halionekani tena. Sikwenda kulitazama, nimeambiwa.

Kwa hiyo nyumba ikauzwa, na hofu ikabaki, ila sasa ilikuwa imegeuka upande. Binti yangu alinipeleka kukiona kile kijumba cha Midrand. Kilikuwa safi, sina la kusema. Bafu lina vyuma vya kushika. Ukutani kuna kitufe chekundu, ukianguka unabonyeza, wanakuja na gari. Nikamuuliza meneja wa pale, kijana mwenye adabu, siku nikifa watu watakaa wapi.

Akasema maegesho ya wageni ni ya magari mawili kwa kila nyumba. Nikamwambia wangu wanakuja kwa miguu na kwa teksi. Akasema mikusanyiko hairuhusiwi, lakini kuna ukumbi wa kukodi si mbali sana. Nikauliza kama ukumbi huo mtu hukodi kabla ya kufa au baada. Akamtazama binti yangu amsaidie.

Kwenye gari binti yangu alisema anaona nimeamua kumkomoa. "Mama, unachagua nyumba kwa ajili ya siku moja, tena siku ambayo wewe mwenyewe hutakuwepo."

"Ndiyo siku ambayo sitaweza kuwakaribisha," nikamwambia. "Zile nyingine nitajipangia."

Akaongeza sauti ya redio mpaka tulipofika mjini. Sikumlaumu. Alitaka mama yake awe milango miwili kutoka kwake, hilo si kosa la mtoto. Nami nilikuwa namnyima kwa sababu ya watu ambao wiki moja kabla ya ile Jumapili nilikuwa nawasengenya.

Bei iliyokuwa ikiniumiza nilipouza ikawa upande wangu niliponunua. Bertrams, wanakoishi wengi wa kundi letu, nako benki hazikopeshi, nako kila mtu anauza, na hela ya nyumba kubwa ya Bellevue ilitosha kununua kijumba cha zamani cha safu pale karibu na uwanja wa Ellis Park, na chenji ikabaki. Dalali wangu ndiye aliyekipata. Binti yangu alitusindikiza ingawa alikuwa amenuna.

Dalali alinionyesha kabati za jikoni. Nikazipita. Akanionyesha bafu, nalo nikalipita, nikatoka nje. Kulikuwa na kiua cha saruji, kimeota nyasi kwenye nyufa, na njia ya pembeni inayofika mpaka barabarani. Nikamwomba dalali akae chini.

"Hapa chini, Gogo?"

"Hapo hapo. Vua viatu."

Akakaa. Nikakaa kando yake, nikamwambia asogee kidogo, asogee tena. Nikapima kwa macho kutoka magoti yake mpaka ukutani. Wanawake ndani, wanaume hapa na njiani. Watabanana, lakini watu wetu wamezoea kubanana. Nikamuuliza dalali kinauzwa kiasi gani.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na funguo za gari mkononi. Miaka yote mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na tulishazoea hivyo. Alinitazama nilivyokaa pale chini, akatazama mahali patupu kunizunguka.

"Na mimi," akasema kwa Kiswahili, pole pole, akilitafuta kila neno, "mimi siku hiyo nitakaa wapi?"

Nikamwonyesha palepale aliposimama. "Hapo mlangoni," nikamwambia. "Uwapokee."

Akavua viatu, akakaa.