Maziwa ya Jioni Si Mengineyo

Ile karatasi bado iko ukutani, kando ya kalenda ya duka la mbolea, na kila nikiipita mkono unaniwasha. Sijaitoa. Mzee wangu, baba ya watoto wangu, anadhani nimeiacha kwa sababu nimekubali. Nimeiacha ili aione, asubuhi na jioni, mpaka macho yamchoke.

Kwetu huku, ukiteremka kidogo kutoka Mogogosiek, ng'ombe ana sheria ambayo hakuna mtu aliwahi kuiandika. Maziwa ya asubuhi ni ya baba. Yanaenda ushirika, na pesa inaingia kwa akaunti yake mwisho wa mwezi pamoja na ile ya majani chai. Maziwa ya jioni ni ya mama. Hayaulizwi. Mama mkwe aliniambia hivyo wiki niliyoolewa, siku ile ile aliponikabidhi kibuyu cha kugandishia mursik, maziwa yetu ya mgando. "Ukiulizwa sukari imetoka wapi," akasema, "sema imetoka jioni."

Na kweli nyumba yangu ilitoka jioni. Walimu wawili na mama wa hoteli pale sokoni walichukua maziwa kila siku, wakanilipa mwisho wa mwezi. Bajeti yangu ilikaa kichwani: sabuni, chumvi, pedi za wasichana, unga ukiisha kabla chai haijalipa. Kilichobaki nilikiweka kwa simu, kidogo kidogo, kwa ajili ya binti yetu mkubwa. Huyo tangu darasa la sita alikuwa akisema atakuwa muuguzi, na mimi nilimwamini. Niliweka miaka mitatu. Sikuandika hata mstari mmoja, na hatukunywa chai ya chumvi kwa kukosa sukari hata siku moja.

Halafu mzee akaenda semina.

Ushirika ulileta vijana wawili wenye tai kuwafundisha wakulima kupanga pesa za nyumbani. Walioitwa ni wanaume, kwa sababu namba za uanachama wa ushirika ni za wanaume. Sisi tunaokamua tulibaki tukikamua. Mzee akarudi na karatasi kubwa yenye mistari, akaibandika ukutani kwa uji wa ngano, akavaa miwani.

"Mama, tumekuwa tukipoteza," akaniambia. "Pesa yako huku, yangu kule. Familia moja, mfuko mmoja."

Juu akaandika mapato: chai, maziwa. Maziwa tu! Hakuandika ya asubuhi wala ya jioni. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikaona jioni yangu imemezwa na neno moja.

"Na vitu vyangu je?" nikauliza.

Kidole chake kikashuka, kikapita karo, kikapita mbolea, kikapita michango, kikafika chini kabisa. "Hapa," akasema. "Mengineyo."

Ati mengineyo! Sabuni anayoogea, sukari ya wageni wake, dawa ya minyoo ya watoto wake, yote yakawa mengineyo.

Lakini wacha niseme ukweli, nilikubali. Mwanamume anayeketi mezani na mkewe na kalamu si wa kuokotwa njiani huku kwetu, na wenzangu wa kikundi cha akina mama walinionea wivu. Maziwa ya jioni yakaanza kwenda ushirika kwa pikipiki. Walimu na mama wa hoteli wakatafuta pengine. Kisha mzee akasema hata ile akiba ya simu ije kwa akaunti, ionekane kwenye mstari wa karo. Nikaituma. Namba ya siri niliibonyeza mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kuna wakati unakitia nguoni wewe mwenyewe.

Mwezi wa nane kulikuwa na harambee ya paa la kanisa. Mzee akainuka, akarekebisha koti, akataja pesa yake. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mhubiri akamwita mbele, akamshika mkono, akasema huyu ndiye mfano wa kuigwa. Na mimi nilipiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikauma, nikidhani ameuza fahali au amekopa kwa rafiki. Jirani akaninong'oneza, "Wewe una mzee." Nikajivuna kama mjinga.

Barua ya chuo cha uuguzi ilisema binti aripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, akiwa na nusu ya karo. Ijumaa iliyotangulia sanduku lilikuwa tayari, sare iko ndani ya mfuko wa duka. Nikamwambia mzee twende benki mapema. Akaanza kukohoa. Akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa michango.

"Nilihamisha kidogo, ile ya paa la kanisa," akasema. "Bonasi ya chai ikija narudisha kwa karo. Ndivyo tulivyofundishwa. Mistari inasaidiana."

"Bonasi ni mwezi wa kumi. Chuo ni Jumatatu."

"Wataelewa."

"Nani ataelewa?"

Binti alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alisikia yote. Hakulia. Aliweka chupa mezani, akaenda kwa sanduku, akaitoa sare, akaikunja upya polepole kama kitu cha mtu mwingine. Hapo ndipo hasira ilinishika. Angelia ningembembeleza. Tulipopiga simu, chuo kilisema nafasi yake itangoja kundi la mwezi wa tatu.

Sikumpigia mzee kelele. Saa kumi na moja jioni nikaenda zizini, nikawafungulia ndama wote wawili. Walinyonya mpaka povu likawajaa puani. Pikipiki ya ushirika ikaja, ikapiga honi, ikaenda na mtungi mtupu. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku ya nne mzee akanijia jikoni.

"Maziwa ya jioni yako wapi?"

"Soma karatasi," nikamwambia. "Yako kwa mengineyo."

Akamwita mamake aje aniseme. Mama mkwe akaja na fimbo yake, akasimama mbele ya ukuta. Hajui kusoma. Akauliza swali moja tu: "Ya jioni yalichukuliwa na nani?" Kisha akamgeukia mzee, akasema, "Baba yako alikuwa mlevi. Aliuza hata blanketi yangu. Lakini ya jioni hakugusa."

Wiki hiyo mzee alienda ushirika akaondoa maziwa ya jioni. Mwalimu mmoja na mama wa hoteli wakarudi kwangu. Mwalimu wa pili hakurudi, na simlaumu.

Bonasi ilikuja kweli. Alilipa karo yote, nisimsingizie. Lakini kutoka mwezi wa tisa hadi wa tatu binti yangu alichuma majani chai, kikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Wenzake wakimpigia simu kutoka chuoni alikuwa akitoka nje kuongea, ili nisimsikie akiuliza wamefika wapi.

Siku binti alipoenda chuoni, mzee alirudi kutoka stendi akiwa na furaha. Akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama kwenye mstari wa karo, akaniita.

"Unaona sasa? Hakuna kilichopotea. Hesabu imelingana."

Nilikuja nikasimama kando yake, maji ya vyombo yakinidondoka mikononi.

"Andika na ile miezi sita ya mtoto," nikamwambia. "Nionyeshe inaingia mstari gani."

Akainua kalamu. Akatazama juu, akatazama chini. Mpaka leo hajaandika.