Mtoto wa Kuanguka

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa damu Kasulu mjini, na kwa mara ya kwanza maishani nikatoka chumba cha sindano kwa miguu yangu mwenyewe. Muuguzi, dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, aliona jasho linanitiririka hata kabla hajanifunga mpira mkononi.

"Dada, wewe huwa unazimia ukichomwa?"

Niliona aibu. Nikaitikia kwa kichwa tu.

"Basi lala hapa. Pandisha mguu juu ya mguu, ukaze mapaja na tumbo. Ukisikia joto usoni, legeza kidogo, halafu kaza tena. Na usitazame huku."

Akachoma. Nikakaza. Dari ikabaki mahali pake.

"Umeona? Ni presha tu inashuka ghafla. Watu wengi wako hivyo. Wala si ugonjwa."

Nilikaa kwenye benchi nje, pamba nimeibana kwenye kiwiko, nikalia mpaka mama mmoja akadhani nimepewa majibu mabaya. Maana mimi, ndugu yangu, nimekulia kijijini Heru Juu nikiwa mgonjwa.

Tuliishi wawili, mimi na bibi. Ukiniuliza kuhusu utoto wangu kabla ya kuanguka, nitakutajia harufu ya muhogo ulioloweshwa, ile kali inayokaa kwenye nguo, na mawese yakichemka kwenye maharage. Nitakutajia vishindo vya michi kutoka kila ua. Jioni tulishuka mtoni kundi zima la wasichana, tukisugua visigino kwa mawe na kusemana. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote.

Nilikuwa darasa la nne watu wa chanjo walipokuja shuleni. Tulipangwa mstari kando ya ukuta wa ofisi, jua la usoni, wengine hatujatia kitu tumboni. Harufu ya spiriti ikanifikia kabla ya zamu yangu. Nikaona sindano inazama kwenye mkono wa rafiki yangu, masikio yakajaa mvumo kama wa nyuki, basi.

Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu mavumbini. Mstari ulikuwa umehamia mbali. Wanasema mikono yangu ilitikisika kidogo, na hiyo ilitosha. Jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa mstarini, ndiye aliyepiga kelele: "Mawe, mama wee! Msimguse! Hicho ni kifafa!" Kwetu iliaminika kwamba anayemgusa aliyeanguka anaubeba ugonjwa wake. Hata mwalimu, mtu aliyesoma, alisimama pembeni na kunitazama.

Bibi alinipeleka zahanati. Wakataka kunitoa damu, nikaanguka tena, safari hii mbele ya nusu ya kijiji iliyojaa kwenye mabenchi. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kipimo.

Nikatengewa sahani na kikombe changu. Mtoni nikakatazwa, nisije nikaangukia majini. Jikoni nikakatazwa, nisije nikaangukia motoni. Rafiki yangu alihamisha daftari zake kwenda dawati la nyuma, akaniambia bila kunitazama, "Mama amesema nisikae na wewe." Kila asubuhi bibi alinichemshia mizizi, chungu hadi machozi, akasimama mbele yangu mpaka nimalize.

Bibi hakuwa mkatili, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliponitoa shule alinikalisha mkekani, akanishika magoti.

"Njia ni ndefu, mjukuu wangu. Ukiangukia korongoni nani atakuokota? Watakutazama tu."

Nami nilijua ni kweli, kwa sababu nilikwisha kutazamwa.

Basi nikabaki uani napukuchua mahindi, kengele ya shule inalia ng'ambo, nikijua saa hii wako kwenye hesabu, saa hii wametoka kucheza. Miaka ikapita sijaanguka tena. Ila kila nilipochomwa sindano, chini. Hakuna aliyeliunganisha hilo, hata mimi. Nilisubiri kifafa changu kama mtu anayesubiri mgeni mbaya.

Wiki iliyopita nilipanda bodaboda hadi Heru Juu. Bibi alikwisha kufa, na pale nyumba yake ilipokuwa, mtu amepanda muhogo. Mwalimu yule naye amezikwa kwao. Niliyemkuta ni jirani yule wa siku ya chanjo, mzee sasa, anaota jua barazani.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwanangu. Kumbe ni wewe!"

Nikamweleza yote: presha, miguu, maneno ya muuguzi. Alisikiliza vizuri, anatikisa kichwa.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Kumbe umepona."

"Sikupona, mama. Sikuwahi kuumwa."

"Ndiyo, ndiyo." Akatabasamu kwa upole kabisa. "Umepona kabisa. Bibi yako angefurahi sana."

Ningegombana na nani? Na bikizee asiyekumbuka hata kwamba alipiga kelele? Waliomsikiliza siku ile wote wamekufa au wameolewa mbali. Nilikuwa nimekuja kudai utoto wangu, nikapewa hongera.

Nikamshukuru, nikaaga, nikaenda kutafuta bodaboda ya kurudi.