Maneno ya Kupunguzwa

Nyevu alipoachana na mumewe Chengo, mwaka ule wa vita ambapo vitambaa vilikuwa adimu kuliko mvua, watu wa Mjambere walibishana sana juu ya chanzo. Wengine walisema ni jogoo ambaye Nyevu aliwachinjia wageni wa kwao bila kuuliza. Wengine wakasema jogoo ni kisingizio tu, ndoa ile iliuawa na ndimi mbili kali zilizolala chumba kimoja. Hawakuwa wamefunga ndoa kanisani, kwa hiyo hata mwalimu wa kanisa, Mwalimu Elkana, hakupata pa kushikia. Wazee walikaa, wakala, wakaamua. Nyevu akajitwika sanduku lake akarudi kwa kaka yake Tsofa, karibu na mashamba ya mkonge ya Nyali. Binti yao, Mbeyu, akabaki kwa baba, maana kwa desturi mtoto ni wa baba. Ila Jumamosi aende kwa mama yake akalale, Jumapili arudi.

Hakuna aliyemwambia Mbeyu kwamba pamoja na kulala huku na huku, atakuwa pia mjumbe.

Chengo alikuwa fundi cherehani. Kutwa alikaa barazani kwake akitia viraka juu ya viraka, na Jumamosi Mbeyu alipofunga kibindo chake aende, mashine ilisimama.

"Mbeyu!"

"Abee, baba."

"Kamwambie mama yako kwamba siku ile nilipompeleka mshenga kwao nilikuwa na homa. Mtu mwenye akili timamu hawezi kumposa yule. Umesikia? Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Mbeyu alikwenda. Katikati ya njia, pale mikorosho inapoishia na mkonge unapoanza, tumbo lilimsokota kama kawaida. Si kwamba alikula kitu kibaya. Ni yale maneno: aliyachukua mazito, na kila alipoyatua mahali, aliyekunjiwa uso alikuwa yeye. Wiki iliyopita alimfikishia baba maneno ya mama neno kwa neno, akatazamwa jicho ambalo hata paka mwizi hatazamwi. Mbeyu alikuwa mtoto wa fundi. Alijua kwamba nguo isipomkaa mtu, haitupwi, inapunguzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Enhe, huyo amesema nini leo?"

"Baba amesema alikuwa na homa."

Nyevu, ambaye alikwisha shika kiuno tayari kwa vita, alibaki kashika kiuno bila kazi. "Homa?" akauliza. Akaingia jikoni akasukasuka vyungu. Kesho yake Mbeyu alikabidhiwa chupa ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, machungu hata kwa kuyatazama.

"Mpe anywe. Na mwambie asidhani nampenda. Hata mbwa wa jirani akiumwa ningempa."

Mbwa aliachwa njiani. "Mama amesema unywe," Mbeyu alimwambia baba yake.

Chengo aliinusa chupa, akaisogeza mbali na kitambaa cha watu. "Nani kamwambia mimi mgonjwa? Ananiombea ugonjwa yule! Kamwambie tangu aondoke nalala kama gogo, wala sikohoi, kwa kuwa hakuna wa kunipigia kelele!"

Jumamosi ikafika, mikorosho ikafika, tumbo likafika nalo. Mbeyu akapunguza.

"Baba analala kama gogo," alisema. "Wala hakohoi."

Nyevu aliketi chini. "Analala? Hata mchana?"

Mbeyu alifikiri. Baba yake kweli hulala kidogo baada ya chakula. "Hata mchana."

"Na hata kukohoa hakohoi?"

"Hata kidogo."

"Mungu wangu! Mtu wa homa akiishiwa nguvu za kukohoa, kuna nini tena?" Nyevu akashika kichwa. "Kaka! Kaka Tsofa! Baba Mbeyu anakufa!"

Mbeyu alifungua mdomo aseme jambo, lakini mama yake alikwisha mkamata kuku, na kuku huyo alipiga kelele kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine. Na tena, mama alikuwa analia. Mbeyu hakuwa amemwona mama yake akimlilia baba yake tangu azaliwe. Akaufunga mdomo, moyo ukimdunda kwa furaha ambayo alijua fika si halali.

Jumapili baada ya ibada walishika njia ya Mjambere: Nyevu mbele na kanga ya msibani, Tsofa na chungu cha mchuzi kichwani, Mwalimu Elkana na Biblia, na Mbeyu nyuma kabisa, akizidi kubaki nyuma.

Walimkuta Chengo barazani amesimama, anampima jirani yake aitwaye Mwanarusi gauni la kuvaa kwenye arusi ya mpwawe. Pini zilimjaa mdomoni.

"Baba Mbeyu!" Nyevu alilia. "Waonaje hali?"

"Mm! Mm-mm!" alijibu Chengo, macho yamemtoka.

"Hata kusema hawezi," alisema Mwalimu Elkana kwa huzuni. "Tufumbe macho."

Akaanza kuomba. Chengo alikuwa mtu wa kanisa, ingawa Jumapili hiyo gauni la arusi lilimzuia kwenda. Kufumbua macho katikati ya sala hakuweza, na kutema pini bila kuona zinakoangukia hakuthubutu. Akasimama vivyo hivyo, futi ya kitambaa shingoni, akisikia jinsi anavyokabidhiwa kwa Mola, jinsi dhambi zake zinavyotajwa moja moja, na nyingine hakujua kama zimekwisha kufika kanisani.

"Wallahi!" alipiga ukelele Mwanarusi, akiruka nyuma na mkono mmoja wa gauni. "Fundi ana maradhi ya kufa, naye kutwa anipima kwa mikono hiyo hiyo!"

"Amina," alisema Mwalimu haraka.

Chengo akatema pini zote kiganjani. "Nani anakufa?"

Macho yote, moja baada ya jingine, yakateremka hadi kwa Mbeyu, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya mjomba wake.

"Mbeyu!" waliita baba na mama kwa sauti moja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu kisa cha jogoo.

"Abee."

"Umesema uongo?"

"Sikusema uongo. Nilipunguza."

"Kwa nini?"

Mbeyu alitazama vidole vya miguu yake. "Maneno yenu ni mazito, nayabeba mimi. Mnagombana nyinyi, na mnayemkasirikia ni mimi. Tumbo linaniuma. Mkiwa na maneno, miguu mnayo."

Chengo alianza kuzihesabu pini zake kana kwamba zilikuwa zimeongezeka. Nyevu alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaangalia upande wa barabara.

"Mimi nimekibeba chungu hiki toka Nyali," alisema Tsofa, ambaye hakuwa msemaji. "Mgonjwa awepo asiwepo, kitaliwa."

Wakala. Mbeyu alikaa katikati, akiamini kwamba yaliyovunjika yameungwa. Lakini mchuzi ulipokwisha, Nyevu aliosha chungu, akajitwika, akaaga, akaenda zake. Mbeyu alilia mpaka kwikwi, na baba yake, asiyejua kubembeleza, alimshonea mfuko kwenye gauni, kisha wa pili, mpaka gauni likawa na mifuko mingi kuliko koti la askari.

Hawakurudiana. Mwaka uliofuata Chengo alioa mke mwingine, mpole, na Nyevu alisema hadharani kwamba anamwonea huruma. Lakini ujumbe ulikoma. Kila Jumamosi Nyevu alikuja mwenyewe kumchukua binti yake, akasimama karibu na mbaazi, asipande barazani, na kama ana neno, alilisema.

Siku ya kwanza Mbeyu alijilaza mkekani, masikio wazi, asikilize baba na mama wakizungumza. Walizungumzia mbaazi: mama alisema zimeiva, baba akasema bado, mama akasema zimeiva, macho ndiyo mabovu, baba akasema bado wiki moja. Walipoanza kubishana juu ya urefu wa wiki, Mbeyu alikuwa amelala fofofo.