Chetezo Chini ya Picha ya Mlima

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mie skuli sikukaa sana, nnaandika kama nnavyosema, na nimechoka, kwa hivyo sitarudia.

Mjukuu wangu anasoma Japani. Likizo iliyopita alikuja kwetu Ansab na picha ya mlima aliyopewa na mwalimu wake, mama wa Kijapani. Huyo huchonga ubao, akaupaka rangi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono. Kila rangi na ubao wake. Mtoto akaitundika majlis, tunapokaribisha wageni, bila ya kioo, ati nyuzi za karatasi zionekane.

Wifi yangu alipokuja, akaitazama kafumba jicho moja. "Mlima huu? Mie naona godoro lililorowa."

"Si mlima wenyewe, bibi," mtoto akamwambia. "Ni uzito wake."

"Uzito nnao magotini," nikasema mie.

Milima nimeichoka. Tangu nilipoletwa huku bado kigori, kila dirisha nikifungua nnauona mlima huo huo, mkavu, hauna hata jani. Lakini ile picha ina weusi chini, kijivu juu yake, khalafu peupe patupu. Pale peupe ndipo nilipopapenda. Alasiri, miguu ikinikatalia, hukaa nikapatazama, hapana wa kuniuliza kitu.

Mke wa mwanangu, mamake huyo mtoto, ana mkono wa ukarimu. Kwake kitu kipya hakijawa cha nyumbani mpaka kifukizwe. Akaona picha inanuka wino, akaweka chetezo cha udi chini yake, kama anavyofukiza kanzu za mumewe. Wakija wageni, udi tena pale pale. Mtoto alipogundua, peupe pameshaingia rangi ya chai kwa moshi.

Hakulia. Akaanza kuitungua. "Bibi, narudi nayo. Hapa itakwisha."

"Udi umemdhuru nani?" mamake akasema, uso umemshuka. "Nilikuwa naikirimu."

"Najua, mama. Lakini karatasi haifuliwi."

Wakanigeukia wote wawili. Nyumba isiyonukia udi, wageni watasema hatuna adabu. Na mie sikuwa na nguvu za ugomvi, wala za kukaa alasiri nikitazama ukuta mtupu.

"Irudishe msumarini," nikamwambia mtoto. Khalafu nikawaita waliokuwamo nyumbani wote: "Chetezo kisivuke tena mlango wa majlis. Mgeni akiaga, mfukizeni ukumbini, na mlango muufunge."